Magurudumu ya Boti na Mshika Nati

Usiku wa jana niliota, tena bila kuomba, nimepiga magoti nyuma ya boti yangu, bisibisi mkononi, na bolti inazunguka. Haiingii, haitoki, haikazi. Inazunguka tu, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Kabla sijaenda mbali nieleze, maana bolti hii si ya ndotoni peke yake. Ni ya kweli. Ilikuwa na siku tatu inanizungukia mchana kweupe, na usiku nao ikaona isiniache nilale.

Boti yenyewe ni ndogo, ya mpira, ya kujazwa upepo kwa pampu ya mguu. Nyuma ina ubao wa kufungia injini. Napelekea wageni kwenye miamba ya hapa Mbamba Bay, waone samaki wa rangi. Kutoka uani kwangu hadi ziwani ni hatua mia moja na arobaini za mchanga laini, na kwa miaka tisa hatua hizo zote boti tumeibeba watu wawili: mimi kulia, Kikoti kushoto. Kikoti ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhehe wa Iringa. Mimi ni Mbano, Mngoni. Kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakaona nafuu watukanane kwa mapenzi, na sisi tukarithi.

Mwezi uliopita goti la Kikoti likaukataa mchanga. Binti yake akasema baba arudi Iringa atibiwe, na akae huko huko. Kikoti akaja kuniambia barazani kwangu, mbele ya watu. Nikamjibu kama mtani:

"Nenda tu. Nitafunga magurudumu mawili ya toroli, yatafanya kazi yako yote, tena hayataongea."

Watu wakacheka. Kikoti hakucheka. Akasema, "Sawa."

Mtani akikujibu "sawa" ujue umeharibu. Na ugumu wa utani ni huu: mtani hakasiriki, kwa hiyo haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemwambia kwamba utani umekwisha. Basi sikuomba. Jumanne alipopanda basi sikwenda kumsindikiza. Nilituma salamu kwamba nina shughuli ya bolti.

Na bolti haikazi. Bolti inayopenya ubao inataka mtu huku na bisibisi, na mtu kule na spana ya kushika nati. Wa kule asipokuwepo, nati inazunguka pamoja na bolti kama wachumba. Nilikuwa nimeapa mbele ya baraza zima kwamba nitaweza peke yangu, kwa hiyo jirani simwiti. Nilimwomba mke wangu.

"Mimi, Baba Ditram, nati ya ugomvi sishiki," akasema. "Mpigie simu mtani wako."

"Anishikie nati kutoka Iringa?"

"Mimi nimesema umpigie."

Sikupiga. Nikalala. Nikaota.

Nazungusha. Bolti inazunguka.

"Unaitwa nani?" bolti inaniuliza.

"Mbano."

"Na wa upande wa pili?"

"Hayupo."

"Aa," inasema. "Basi tuendelee." Ikaendelea.

Pembeni magurudumu mawili ya toroli yamekaa kwenye benchi, yamekunja mikono. Mikono yameitoa wapi sijui, wala sikuuliza. Ndotoni ukianza kuuliza hutamaliza. Niliyapata kwa bei ya chee, moja likiwa limestaafu ujenzi wa zahanati, jingine likiwa limefukuzwa kwenye tanuri la matofali.

"Shikamoo," nikaliambia lile la kushoto, maana ni zee.

"Marahaba. Tumeitiwa kazi gani?"

"Kupeleka boti ziwani."

"Kwa lami?"

"Kwa mchanga."

Yakatazamana.

"Sisi ni wa zege," likasema la kulia. "Mchanga tunaujua ukiwa umeshachanganywa."

"Mtajifunza."

"Na tunachukua nafasi ya nani?"

"Ya mtu mmoja."

"Sisi tuko wawili."

"Alikuwa mzito," nikasema.

"Aliondokaje?"

"Kwa basi."

"Ulimsindikiza?"

Nikaokota futi nikajifanya napima ubao. Futi ikakataa kulala kwenye ubao. Ikajinyoosha kama nyoka aliyesoma chuo, ikanisimamia mbele ya pua.

"Kanuni unaijua?"

"Pima mara mbili, kata mara moja."

"Vizuri. Simama wima."

Ikanipima mimi, utosini hadi kisiginoni. "Sentimita mia moja sabini na moja. Hiyo ni mara moja." Ikanipima tena. "Mia moja sitini na nne."

"Nimepungua?"

"Ndiyo maana tunapima mara mbili."

"Haya, sasa pima ubao."

"Leo nimeshapima mara mbili," ikasema. Ikajikunja, ikaingia ndani ya kasha lake, ikafunga kwa ndani.

Nimeshafanya kazi na mafundi wengi katika maisha yangu. Nimeibiwa na mafundi, nimedanganywa na mafundi, kuna mmoja aliniachia nyumba bila mlango akaenda kuoa. Lakini fundi anayejifungia ndani ya kasha lake mwenyewe sijawahi kumwona.

Nikashika drili. Kanuni ya pili inasema mashimo yote yatobolewe juu ya mstari wa maji, yaani pale maji yanapoishia boti ikiwa imeelea. Nautafuta mstari. Namkuta ni mama mwembamba kama uzi, amevaa sweta la ofisini, amejilaza juu ya ubao kutoka pembe hadi pembe.

"Samahani, mama. Unakaa wapi hasa?"

"Inategemea mzigo. Taja."

"Injini. Galoni la mafuta. Mimi."

"Na?"

"Basi."

Akapanda vidole viwili.

"Nimesema basi!"

Akapanda vidole vinne. "Usinigombeze. Mimi hupanda tu, sitoi maoni."

Nikatoboa juu yake. Akapanda. Nikatoboa tena juu yake. Akapanda. Tulikwenda hivyo kama wapangaji wawili wanaogombea ngazi, mpaka ubao ukaisha na nikajikuta natoboa hewa. Hewa ikatoboka. Ikawa na mashimo manne mazuri kabisa, ya kufunga gurudumu ambalo haliwezi kufungwa popote.

Nikasema neno ambalo mama yangu hakunifundisha. Mstari wa maji akaliandika kwenye daftari.

Nikaona nitumie akili. Nikaze bisibisi, niiache ghafla, nikimbie upande wa pili nikamate nati kabla bolti haijagundua. Nakaza. Naacha. Nakimbia kuzunguka boti. Nafika upande wa pili, nakuta bisibisi, bolti, na magurudumu mawili yaliyokunja mikono. Yaani nimefika pale pale. Narudi mbio. Pale pale. Boti ilikuwa na upande mmoja tu, nao ndio wangu.

"Anakwenda wapi?" likauliza gurudumu la kulia.

"Mwache," likajibu zee. "Anajisindikiza."

Mzunguko wa tatu nikagonga mgongo wa mtu. Hakuwa mtu, alikuwa kinu. Nilikuwa kwenye foleni, ndani ya jengo lililopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na ukutani imeandikwa: OFISI YA UPANDE WA PILI. Kinu kilikuwa kinalalamika kwamba mchi wake umehamia Makambako bila taarifa. Mbele yake msumeno wa kukatia magogo, ule wa kushikwa na watu wawili, ulikuwa unalia kimya kimya kwa mpini mmoja.

Dirishani alikaa spana namba kumi na tatu, amevaa miwani.

"Jina la mshika nati?" akaniuliza, kalamu tayari.

"Mbano."

"Mshika bisibisi je?"

"Mbano."

"Mtu hajibebi mgongoni. Mwingine."

"Andika Plaizi, koleo langu."

Akafungua jalada. "Plaizi alikuja jana. Anasema ulimbana kwenye nati, ukamfunga kamba, ukamwekea jiwe juu, akakaa hivyo tangu asubuhi hadi alasiri, wala hukumwambia hata pole. Yuko likizo."

"Na jiwe?"

"Limeacha kazi."

"Basi andika mke wangu."

"Tuna barua yake hapa. Anasema nati ya ugomvi hashiki."

"Barua ya lini?"

"Ya kesho kutwa. Ana mpangilio yule mama." Akavua miwani. "Mzee Mbano, tusipotezeane muda. Rudi kwenye boti, inama kwenye tundu la bolti, piga hodi. Mara tatu. Usipojibiwa ondoka, kama watu waliolelewa."

"Huko upande wa pili ni wapi?"

"Iringa."

"Ubao ule una unene wa vidole viwili!"

"Jumatatu ulikuwa vidole viwili," akasema. "Jumanne ukaongezeka."

Akagonga muhuri. Aliugonga kwenye paji la uso wangu, na nilipofumbua macho nilikuwa uani, nimepiga magoti, na ziwa linaingia getini.

Lilikuja lenyewe. Limezipanda zile hatua mia moja na arobaini, viatu mkononi, linahema kama shangazi aliyeshushwa kituo cha mbali. Kuku wangu wakapanda juu ya paa bila kuambiwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nimesubiri tangu Jumanne. Boti inakuja, boti inakuja! Nikaona nije mwenyewe." Likaketi. Ziwa likiketi uani hakuna pa kuweka mguu. Maji yakanifika kifuani, yakaufika ubao, yakalikuta tundu la bolti na kuanza kuingia, kwa utaratibu, kama wanafunzi darasani.

Nainama. Naweka mdomo kwenye tundu.

"Hodi!"

Kimya. Maji yanaingia.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?" ikajibu sauti, mbali, ndani ya baridi.

"Mimi."

"Mimi wako wengi hapa, na wote wamevaa makoti."

"Mbano."

"Mbano yupi? Yule mwenye shughuli nyingi Jumanne?"

Nikachungulia kwa jicho moja. Niliona chumba kidogo, kitanda, na Kikoti amejifunika blanketi hadi kidevuni. Goti lake limefungwa bendeji, limekaa kwenye kiti chake peke yake, linasoma gazeti.

Nilitaka kusema kitu kimoja, nikasema kingine, kwa sauti ya mtu anayehutubia kamati ya maji.

"Ndugu Kikoti, samahani kwa usumbufu. Naomba, kama una nafasi, unishikie nati."

Goti likashusha gazeti.

"Nani amekufa?" akauliza Kikoti.

"Hakuna aliyekufa."

"Mbano hajawahi kuniomba kitu kwa adabu, miaka tisa. Basi amekufa yeye, au amekuja kunizika mimi. Eti *ndugu* Kikoti! Mimi ndugu yako tangu lini?"

"Kikoti, ile siku barazani. Mimi naomba ra—"

"Usilimalize hilo neno!" akaruka kitandani, goti likaachwa kwenye kiti. "Ukilimaliza itabidi nikusamehe, halafu tutakuwa watu wa kuamkiana barabarani. Habari za asubuhi, ndugu Mbano. Nzuri, ndugu Kikoti. Ndicho unachokitaka?"

"Sitaki."

"Basi nyamaza." Kisha akatazama chini. "Mbano. Kuna maji chumbani kwangu. Yanatoka wapi?"

"Ni ziwa."

"Ziwa gani?"

"Nyasa. Karibu lote."

"Linafanya nini Iringa? Mbano! Yamefika kwenye godoro!"

Naapa sikupanga. Nilikuwa nimezama hadi shingoni, magurudumu yanaelea benchini, nimepimwa nikapungua, nimepigwa muhuri usoni, na ulimi wangu ulikuwa umefungwa tangu Jumanne. Ukafunguka wenyewe.

"Usiogope, Mhehe," nikamwambia. "Hayaumi. Yanaitwa maji ya kuoga. Tulia, utazoea."

Lililocheka kwanza ni goti. Lilicheka hadi likaanguka kwenye kiti. Halafu akacheka Kikoti, kicheko chake kile cha kupiga paja, kikapita kwenye tundu kikanipuliza usoni kama mvuke wa chungu.

"Mngoni wewe! Babu zako walikuja mbio kutoka kusini, wangeendelea mpaka leo kama ziwa lisingewazuia. Unanifundisha maji? Hebu nati iko wapi?"

"Iko kwako. Tangu juzi."

"Kumbe ndiyo hii? Binti yangu alidhani ni dawa ya goti, nusura niimeze."

"Ishike basi. Na uweke washa, kile kiduara cha mpira cha chini ya nati, maji yasipite."

"Washa natoa wapi mimi? Subiri." Nikasikia droo, halafu kisu.

"Unafanya nini?"

"Nakata ndala yangu. Usinisemeshe, nachora duara."

"Umepima mara mbili?"

"Mwalimu wa hesabu hupima mara moja." Kisu kikaendelea. "Tayari. Nimeshika. Kaza."

Nakaza. Bolti inazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne inakwenda mahali. Inaingia. Inaingia tena.

"Aa," ikasema bolti. "Kumbe yupo." Haikusema kitu kingine.

Maji yakakatika kwenye tundu. Ziwa likainuka, likajipangusa mchanga, likachukua viatu vyake. "Msinichoshe tena," likasema, likateremka.

"Kaza zaidi!" Kikoti akapiga kelele kutoka kule. "Usikaze kama babu zako, wao walikaza mbio tu!"

Nikakaza. Nikakaza kwa mikono miwili, kwa meno, kwa miaka tisa yote ya kubeba kulia, mpaka bisibisi ikateleza.

"Baba Ditram," akasema mke wangu, "achia shuka."

Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa nimelisokota shuka kama kamba ya nanga. Nikaliachia, nikatoka nje. Uani pakavu. Kuku chini, wanachakura kama kawaida yao. Magurudumu mawili ya toroli yameegemea ukuta, hayana mikono. Nikajicheka. Mtu mzima na akili zangu, nagombana na mstari wa maji.

Bolti ilikuwa pale pale nilipoiacha jana jioni. Nikaokota bisibisi, nikaiweka, nikazungusha ili nikasirike mapema niendelee na siku.

Haikuzunguka.

Nikatia nguvu. Haikuzunguka. Nikashika kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye ubao, nikavuta hadi mgongo ukalia. Bolti imetulia kama imeota mizizi.

Nikainama upande wa pili. Nati imekaa bapa kwenye ubao, imebana sawasawa. Chini yake kimechomoza kipande cha mpira, rangi ya bluu, duara safi kama lililochorwa kwa bikari. Ndala zangu ninazo miguuni, zote mbili nzima, za kahawia. Mama Ditram havai ndala za bluu. Hakuna mtu yeyote nyumbani kwetu anayevaa ndala za bluu.

Nilisimama pale muda ambao sikuupima. Halafu nikaingia ndani, nikachukua simu, nikatoka nayo uani.

Iliita mara moja tu.

"Halo," akasema Kikoti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamka zamani.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa kitandani. Naitazama ndala yangu."

Huku kuku wananiparua miguu, kule nasikia mtu anakoroga uji. Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

"Kila gurudumu lina bolti nne," nikamwambia mwishowe. "Bado saba."

Nikamsikia anapiga hesabu puani, kama alivyokuwa akifanya ubaoni.

"Ndala moja inatoa washa nne," akasema. "Mngoni wewe, unataka nitembee Iringa yote pekupeku?"

"Si ndivyo mlivyotukimbia."